Sura ya Nne: Alama za Njia ya Maiti

Alama ya kwanza kusimamishwa katika njia ya safari ya mwisho ya Daktari David Livingstone haikuwa ya mawe wala ya shaba, wala haikuletwa kwa meli kutoka Ulaya. Ilikuwa ni miimo miwili ya magogo manene na kizingiti cha mti juu yake, umbo la mlango usio na nyumba, vyote vimepakwa lami tangu chini hata juu. Nao walioisimamisha, mwezi wa Mei 1873, katika kijiji cha Jumbe Chitambo kusini ya ziwa Bangweulu, walikuwa ni wapagazi na watumishi wa msafara ambao bwana wao amekwisha kufa, mshahara wao haijulikani utalipwa na nani, na mbele yao uko mwendo wa maili zaidi ya 1,000 hata kufika pwani. Waliokuja baada yao, maofisa na mapadri na wasomi, waliweka alama nyingine nyingi za matofali, za saruji na za shaba, tangu nchi iitwayo leo Zambia hata Bagamoyo. Nami nataka kuzipitia alama hizo kwa kadiri ya maana yake, si kwa kadiri ya ukubwa wake, maana yeyote atakayezitazama kwa makini atatambua kwamba zile zilizowekwa na wabebaji zilitaja watu, na zile zilizowekwa na wakubwa zilimtaja mtu mmoja.

Livingstone aliondoka Kwihara, karibu na Tabora, tarehe 25 Agosti 1872, akifuatana na watu ambao wengi wao walikuwa wameajiriwa Unguja na Henry Morton Stanley na kupelekwa kwake bara, kama walivyokuwa wameahidiana. Nia yake ilikuwa kutafuta chemchemi za mto Naili, ambazo alidhani ziko katika nchi za Bangweulu. Na dhana hiyo haikuwa sahihi, kwani maji ya huko huteremkia Luapula, na kwa Luapula huishia Kongo. Masika yakamkuta katika mabwawa, kuhara damu kukamdhoofisha, hata mwezi wa Aprili akawa hawezi kukaa juu ya punda, ikawalazimu watu wake kumchukua kwa machela. Kabla ya alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873 kijana Majwara, aliyekuwa akilala karibu naye, alikwenda kumwamsha Susi, mmoja wa wakuu wa msafara. Walipoingia wakamkuta amepiga magoti kando ya kitanda, kichwa chake amekiegemeza juu ya mikono, na mwili umekwisha kupoa.

Hapo wangeweza kumzika na kwenda zao, wala hapana ada wala sheria ambayo ingewalaumu. Watu wa bara katika zama zile hawakupenda maiti ya mgeni ipite katika nchi yao, na msafara uliojulikana kuwa na maiti ulihofia kutozwa hongo kubwa, au kufukuzwa, au kupigwa. Hata hivyo walifanya shauri, Susi na Chuma na wakuu wengine wa msafara, wakakubaliana kwamba Daktari atachukuliwa hata pwani akakabidhiwe kwa watu wake, kama amana irudishwavyo kwa mwenyewe. Habari walitaka kumficha Chitambo, lakini ikamfikia. Naye, badala ya kudai fidia, aliwaambia kwamba kufa safarini ni jambo liwapatalo wasafiri, akaja na watu wake kuomboleza kwa ngoma kama ilivyo desturi ya kwao.

Nje ya kijiji wakajenga uzio wa miti na ndani yake kibanda kisicho na paa, kilicho wazi kwa jua. Farijala, ambaye hapo kwanza alikuwa mtumishi wa daktari mmoja Unguja na aliwahi kuona namna maiti inavyofunguliwa, ndiye aliyeishika kazi hiyo pamoja na mwenziwe Carus. Moyo na matumbo wakavitia katika sanduku la bati, wakachimba shimo chini ya mti mkubwa ambao wenyeji huuita mpundu, na Jacob Wainwright, kijana wa Kiyao aliyekombolewa katika utumwa na kusomeshwa Nasik katika Bara Hindi, akasoma maombi ya mazishi katika kitabu chake. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani siku 14, kila siku wakiugeuza mara moja. Kisha wakaukunja miguu ili upungue urefu, wakauvika nguo, wakautia katika kilindo cha gome la mti, wakakishona ndani ya kitambaa cha tanga, wakakipaka lami, wakakifunga juu ya mti wa kuchukulia watu wawili begani. Nimeyaeleza haya kwa tafsili kwa sababu aghalabu husimuliwa kama kwamba mapenzi peke yake ndiyo yaliyoifikisha maiti pwani, hali yakuwa mapenzi bila ya chumvi, lami na maarifa ya Farijala yasingevuka hata Luapula.

Katika shina la mpundu Wainwright alichonga maandishi kwa kisu: jina la Livingstone, tarehe 4 Mei 1873, na majina matatu, Yazuza, Mniasere na Uchopere. Haya mawili ya mwisho ni ya Manua Sera na Chowpere, wakuu wa msafara. Tazama basi uadilifu wa maandishi yale: mwandishi alikuwa ni kijana aliyepata elimu kuliko wenziwe wote, kisu kilikuwa mkononi mwake, nafasi ya kuandika jina lake ilikuwepo, naye akaandika ya wengine. Ikhtilafu ya tarehe isitushughulishe sana, maana msafara uliokaa miezi katika mvua huweza kupotelewa na siku mbili tatu, na walimwengu wameshika tarehe 1 Mei; lakini mti ulisema tarehe 4.

Kabla ya kuondoka walimwomba Chitambo afyeke majani yanayouzunguka mti ule ili moto wa nyika usiuunguze, wakamwachia na sanduku la bati na magazeti, ili Mzungu atakayepita siku za mbele apate dalili kwamba mwenziwe alifikia hapo. Ndiyo kusema kwamba waliijua vyema kazi ya alama. Walijua kwamba mti huungua, kwamba maandishi huzibwa na gome jipya, kwamba mwanadamu hufa. Ndiyo maana hawakutegemea alama moja, bali waliweka ya kuchongwa, ya kusimamishwa, ya kukabidhiwa mkononi, na ya nne, ambayo ni wasia kwa mwenye nchi.

Na alama hizo ziliitimiza kazi yake. Mwaka 1894 mwandishi wa habari E. J. Glave alifika mahali pale na kuyasoma maandishi ya Wainwright katika shina. Mwaka 1899, mti ukiwa umekwisha kuanza kuoza, ofisa Robert Codrington aliukata, na kipande chenye maandishi kikapelekwa London kwa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia. Ubao mwingine wa mti huo uligeuzwa msalaba, nao uko Unguja katika Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Pale uliposimama mpundu pakajengwa mwaka 1902 mnara wa matofali wenye msalaba kileleni, ambao upo hata leo, nao maandishi yake yanasema kwamba moyo wa Livingstone ulizikwa hapo na wafuasi wake waaminifu. Mimi siulaumu ukataji ule, kwani mti uliooza ungelianguka na maandishi yake yakaliwa na mchwa. Ila kwa insafu ingestahili kukumbukwa kwamba majina yale matatu yaliposafirishwa London hayakurudishwa katika mnara uliochukua mahali pake, na kwamba msafiri asomaye mnara hawezi kujua kuwa mahali hapo paliwahi kuwa na orodha.

Mwaka 1973, ilipotimia miaka 100, Rais Kenneth Kaunda aliongoza ibada ya ukumbusho hapo, na kibao kingine kikaongezwa. Rais huyo mwenyewe aliitwa Kenneth David.

Kutoka Chitambo njia ya maiti ilikwenda magharibi ya Bangweulu, ikavuka Luapula, mto ambao wakati ule wa maji mengi upana wake ulikuwa maili kadhaa, ikapanda kaskazini, ikapita mashariki ya ncha ya kusini ya ziwa Tanganyika hata Unyanyembe, ndiyo nchi iliyo na Kwihara. Mwanzoni tu mwa njia maradhi yaliwakumba, karibu wote wakalala kwa muda wasiweze kwenda, na baadhi yao wakafa. Hapana alama hata moja ya nafsi hizo. Katika kijiji cha Chawende walikataliwa kuingia, ugomvi ukazuka, bunduki zikalia, damu ikamwagika, na watu wa msafara wakakitwaa kijiji kwa nguvu wakakaa humo wakila akiba ya wenyewe. Jambo hili halitajwi katika taabini zilizotungwa baadaye, ambazo huwafanya wabebaji wale kuwa kama malaika, nami naona ni kuwapunguzia heshima kuwafanya malaika. Walikuwa ni wangwana wa misafara, watu wa bunduki na bendera, waliozoea kukata njia kwa ulimi panapofaa na kwa baruti panaposhindikana, na ustadi huo wenye makali pande zote mbili ndio uliowafikisha.

Mwezi wa Oktoba 1873 Chuma alitangulia kufika Kwihara, akaingia katika tembe ambamo mwaka uliotangulia Livingstone na Stanley walikaa pamoja kabla ya kuagana tarehe 14 Machi 1872. Tembe hilo, nyumba ya ukuta mnene wa udongo na paa la bapa kama zijengwavyo Unyamwezi, limejengwa upya na kufanywa makumbusho, na mgeni atokaye Tabora hulifikia kwa mwendo mfupi wa gari. Lakini aliyekuwamo siku ile alikuwa ni Luteni Verney Lovett Cameron wa jeshi la majini la Uingereza, aliyetumwa kumsaidia Livingstone, naye homa ilikuwa imemwangusha pamoja na wenziwe. Cameron aliwashauri wamzike Daktari papo hapo Unyanyembe, kwa sababu njia ya kwenda pwani ilikuwa na hatari. Wakakataa. Yeye alikuwa ofisa wa dola kubwa na wao ni wapagazi; hata hivyo kauli iliyopita ni yao, ijapokuwa vyombo vya kupimia vya marehemu alivitwaa yeye kwa kazi yake, akaendelea navyo magharibi mpaka akatokea pwani ya Atlantiki mwaka 1875.

Yaliyotukia Kasekera, vituo vichache mbele ya Unyanyembe, ndiyo ninayoyastaajabia kupita yote ya njia hii. Uvumi ulikuwa umetangulia kwamba msafara unachukua maiti, na wenyeji wakaonyesha waziwazi kwamba hawatairuhusu kupita. Wakuu wa msafara wakatangaza kwamba basi, wamekubali kushindwa, wataipeleka maiti nyuma ikazikwe Unyanyembe. Usiku wakaitoa maiti katika kilindo, wakaifungasha upya kwa nguo mfano wa mtumba wa bidhaa, kama mitumba mingine yoyote ya merikani na kaniki. Kisha wakachukua mabua ya mtama, wakayakata urefu wa mtu, wakayavika sanda, wakayafunga kama yafungwavyo maiti, na watu sita wakayachukua kwa taadhima yote ya mazishi, wakashika njia ya kurudi. Walipofika mbali katika pori na giza limetanda, wakaufungua mzigo, wakawa wakiyatupa mabua moja moja, hili hapa na lile kule, pembeni mwa njia, ili asitokee mtu akayakuta yamekusanyika akauliza. Na usiku mwingine wakajipenyeza kurudi kwa wenziwao. Tangu hapo Daktari akasafiri kama bidhaa, na kila aliyeuona mzigo ule aliudhania nguo.

Kwa sababu hiyo msomaji asishangae akikuta kwamba baina ya Kwihara na Bagamoyo njia ya maiti haina alama yake. Ugogo, Mpwapwa, Mamboya, vituo vyote vikubwa vya misafara, vina kumbukumbu zao za biashara ya pembe na watumwa, na mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hiyo kuu ya kati katika orodha ya mapendekezo ya Urithi wa Dunia, pamoja na Bagamoyo, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Lakini watu wale walipita humo wakiwa wamekusudia wasionekane, na kufuta athari ilikuwa ni sehemu ya kazi yao kama vile kule nyuma kuiweka kulivyokuwa.

Ujiji haikuwamo katika njia ya maiti, walakini haifai kuiruka, maana ndipo penye jiwe mashuhuri kuliko yote. Stanley alimkuta Livingstone hapo chini ya mwembe. Jiwe la ukumbusho la mwaka 1927 linasema ilikuwa tarehe 10 Novemba 1871, ilhali daftari la Livingstone, ambaye hesabu yake ya siku ilikwisha haribika kwa maradhi, linaliweka tukio hilo katika siku za mwisho za Oktoba. Mwembe wenyewe ulikufa zamani, na miembe iliyopo husemwa kuwa ni wazao wake. Jiwe lina majina mawili. Bendera iliyotangulia msafara wa Stanley siku hiyo haikujibeba, na Susi, aliyetoka mbio kumlaki Stanley kabla ya bwana wake kujitokeza barazani, hakuandikwa.

Kaskazini ya hapo, Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, pana jiwe jingine kubwa lililochongwa majina hayo hayo mawili na tarehe 25 Novemba 1871. Wako Warundi wawaambiao wageni kwamba hapo ndipo wawili hao walipokutana, na Ujiji wamepora sifa isiyo yao. Ukweli ni kwamba walipitia hapo wakalala, katika safari yao ya mtumbwi ya kwenda kuukagua mto Ruzizi kama waingia ziwani au watoka. Wakakuta waingia, na swali moja la jiografia likafungwa. Kwangu mimi jiwe la Mugere lina haki zaidi ya kusimama kuliko la Ujiji, kwani kupeana mikono si uvumbuzi, na kuujua mto umeelekea wapi ni uvumbuzi. Lakini watu hupenda kukumbuka salamu.

Bagamoyo maiti iliingia mwezi wa Februari 1874, na usiku wa tarehe 24 ikalazwa katika kanisa la Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliokuwa wamefungua misheni yao hapo mwaka 1868. Mnara wa kanisa hilo la zamani umebaki, nao huitwa Mnara wa Livingstone. Na katika kanisa la Kianglikana la mjini kuna mlango wenye kibao kwa Kiingereza kwamba Daktari Livingstone alipita humo. Mgeni anayekisoma kwa haraka humdhania alipita kwa miguu yake. Kesho yake merikebu ya kivita ya Kiingereza, Vulture, ikaichukua maiti kwenda Unguja, na balozi mdogo wa muda, Kapteni Prideaux, akawalipa watu wa msafara mishahara yao, wakaachiliwa kila mtu aende kwake. Kwa miezi tisa walikuwa wameyaamua mambo makubwa wao wenyewe. Pale ufukweni, kwa muda wa asubuhi moja, wakarudi kuwa vibarua waliomaliza kazi.

Aliyefuatana na maiti hata Uingereza ni Jacob Wainwright peke yake, kwa gharama ya jamii ya wamisionari. Sir William Fergusson, tabibu mpasuaji, aliuchunguza mwili huko London akautambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto uliokuwa umevunjwa na simba Mabotsa mwaka 1844 na kuunga vibaya. Na tarehe 18 Aprili 1874 ukazikwa katika kanisa la Westminster. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yamekwisha pita, wakakaa miezi wakieleza yaliyoandikwa katika madaftari na yale ambayo marehemu hakuwahi kuyaandika. Bamba la kaburi la Westminster lina maneno mengi. Laanza kwa kusema kwamba mikono yenye uaminifu ndiyo iliyomleta, kupitia bara na bahari. Ya nani, halisemi.

Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ilitengeneza medali 60 za kuwatunukia wabebaji, kila moja jina la mwenyewe limechorwa ukingoni, na kwa hizi haki ya majina ilitimizwa. Ila zilipofika Unguja wengi wao walikuwa wamekwisha tawanyika katika misafara mipya. Manua Sera na Chowpere waliondoka na Stanley mwaka 1874 wakalivuka bara lote hata mdomo wa Kongo. Chuma aliuongoza msafara wa Joseph Thomson mwaka 1879 na 1880, akafa Unguja mwaka 1882; Susi alifanya kazi na Stanley tena huko Kongo, akabatizwa mwaka 1886 kwa jina la David, akafa Unguja mwaka 1891. Wainwright alifia Urambo mwaka 1892, magharibi ya Tabora. Matthew Wellington, mmoja wa vijana wa Nasik waliokuwamo katika msafara ule wa maiti, aliishi Mombasa hata mwaka 1935: jiwe la Ujiji liliposimamishwa alikuwa angali hai, mzee wa mji wenye reli na bandari, na yeyote aliyetaka kujua majina ya watu wa njia ile angeweza kwenda kumuuliza.